Kutoka Kambi ya Wapagazi hadi Jumuiya ya Walimu: Lugha na Mafunzo ya Ualimu katika Njia ya Tabora

1.0 Utangulizi



Tangu mtaala wa elimu ya sekondari ulipobadilishwa mwaka 2005 ili ulenge kujenga ujuzi wa mwanafunzi badala ya kukariri, istilahi ya "mbinu shirikishi" imekuwa ya kawaida katika lugha ya ualimu nchini Tanzania. Imo katika mihtasari ya masomo, katika miongozo ya walimu na katika ripoti za ukaguzi. Mwalimu anatakiwa amfanye mwanafunzi kuwa kitovu cha somo, awapange wanafunzi katika makundi, awape nafasi ya kuulizana, kubishana na kufikia hitimisho lao wenyewe. Aghalabu mbinu hizi huelezwa kana kwamba ni mgeni aliyeshuka juzi kutoka ng'ambo, na kwamba kazi iliyobaki ni kumwelekeza mwalimu namna ya kumpokea.

Katika mhadhara huu tunakusudia kuitazama dhana hiyo kihistoria, tukiwa na mahali mahususi mbele yetu, yaani Tabora pamoja na njia kuu ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Unyanyembe, hadi Ujiji. Tumechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, njia hiyo ndiyo iliyokipeleka Kiswahili bara kabla ya kuwapo shule za kukifundisha. Pili, Tabora ni mji wa shule. Ndipo Julius Nyerere aliposoma sekondari na ndipo alipoianza kazi iliyompa jina la Mwalimu.

Hoja tutakayoitetea ni moja. Kujifunza kwa kushirikiana hushika mizizi pale ambapo anayeongoza mafunzo amewahi yeye mwenyewe kujifunza kwa njia hiyo, na katika lugha anayoweza kuulizia swali. Pale ambapo sharti mojawapo kati ya hayo limekosekana, jina la mbinu limebaki na mbinu yenyewe imepotea.

2.0 Maneno yanatuambia nini?

Kwa kuwa huu ni mhadhara wa taaluma za Kiswahili, inafaa tuanze na maneno. Mzizi -funda umezaa jamii kubwa ya maneno: mwali hufundwa, fundi ana ujuzi wa mkono, mkufunzi hufunza walimu, na mwanafunzi ni yule anayepokea mafunzo. Kwa mnyumbuliko wa kusababisha wa zamani tunapata -funza, kama vile -lala inavyotoa -laza na -waka inavyotoa -washa. Kiambishi cha kujirejea kikiongezwa, tunapata -jifunza. Kwa umbo lake, basi, kitenzi hiki kinasema kwamba mtu anajifanyia mwenyewe tendo la kufunza. Lugha nyingine nyingi hutumia kitenzi kisichohusiana kabisa na kile cha kufundisha. Kiswahili kimeyaweka matendo hayo mawili katika mzizi mmoja, kikamfanya mwenye kujifunza kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kiambishi cha kutendana nacho hutupatia -funzana na -fundishana.

Tulinganishe na neno "shirikishi". Msingi wake ni -shiriki, wenye asili ya Kiarabu, lakini neno hilo halikuundwa kutokana na -shirikiana. Limetokana na -shirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Katika umbo hilo mtenda ni mmoja, naye yuko juu: mwalimu anashirikisha, wanafunzi wanashirikishwa. Vivyo hivyo katika semina, mkufunzi anashirikisha na walimu wanashirikishwa. Hatudai kwamba umbo la neno huamua mambo ya darasani. Asili ya neno si nadharia ya elimu, na jamii inayosema "kujifunza" inaweza vilevile kuwakaririsha watoto wake. Hata hivyo, tofauti kati ya -shirikiana na -shirikisha ni tofauti tutakayokutana nayo tena katika historia yenyewe.

3.0 Msafara kama mahali pa kujifunzia

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, katika eneo la Tabora ya sasa, mwezi Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ambayo tayari yalikuwa yameota mizizi katika himaya ya Unyanyembe. Tembe la Kwihara, alimokaa David Livingstone mwaka 1872, limehifadhiwa hadi leo kama makumbusho. Wageni hao wameandika mengi juu yao wenyewe. Waliobeba mizigo yao wameandikwa kidogo, ilhali wao ndio waliokuwa wenye njia.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, ameonyesha kwamba Wanyamwezi walikuwa wafanyakazi wa kulipwa wenye utaratibu wao, heshima yao na hata migomo yao. John Iliffe naye, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, anakadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 19 huenda watu wapatao 100,000 walisafiri katika njia hiyo kila mwaka. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 30 hivi, na mwendo wa kutoka pwani hadi Tabora, unaozidi kilomita 800, ulichukua takriban miezi mitatu. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulihesabiwa kuwa sehemu ya kukua.

Kijana huyo alijifunza nini, na kwa nani? Alijifunza kufunga mzigo usimchubue bega, kujua kisima kilipo na kisipokuwapo, kuvuka nyika iliyoitwa Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, kusubiri majadiliano ya hongo, na kuelewana na watu wa lugha nyingi. Hakukuwa na mwalimu aliyeajiriwa kumfundisha hayo. Alikuwapo kirangozi aliyetangulia mbele, na wanyampara waliosimamia watu. Lakini mafunzo ya kila siku yalifanyika katika kambi, yaani kikundi kidogo cha wapagazi waliokula chungu kimoja, wakagawana kazi za kuni, maji na mapishi, na kulala pamoja. Aliyewahi kupita njia hiyo mara mbili alimwelekeza anayepita mara ya kwanza, na safari iliyofuata huyu naye akawa mwelekezaji. Kirangozi hakupata cheo chake kwa kusoma habari za uongozi wa misafara. Alikuwa amebeba mzigo kabla ya kubeba bendera.

Kiswahili kilienea katika kambi hizo kwa njia hiyohiyo. Kilijifunzwa kwa kuulizia, kwa kukosea na kwa kuchekwa. Hapa inatupasa kuukumbuka utani, ambao wanahistoria wengi wameuhusisha na misafara. Mnyamwezi na Mzaramo waliotaniana waliruhusiwa kusahihishana na kuambizana maneno ambayo kwa wengine yangekuwa matusi. Mwenye kujifunza lugha anahitaji ruhusa ya namna hiyo, kwa kuwa anayeogopa kuchekwa hasemi, na asiyesema hajifunzi kusema. Mapatano hayo hayakukwenda upande mmoja tu. Kiswahili nacho kilipokea maneno ya bara, kama vile mtemi, na ikulu, ambalo katika nchi za watemi lilikuwa jina la makazi ya mtawala.

Ni lazima tutahadhari tusiipambe njia hii. Ni njia iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha kwa UNESCO kwa jina hilohilo la njia ya watumwa na pembe. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora, ni mojawapo ya maandishi muhimu ya nathari ya Kiswahili ya zama hizo. Lakini ni sauti ya mwenye msafara, wala si ya aliyefungwa minyororo. Waliofungwa nao walijifunza Kiswahili, tena kwa amri na kwa hofu. Kwa hiyo, njia moja ilikuwa na namna mbili za kujifunza: ile ya kambi ya watu huru walioulizana, na ile ya walioamriwa. Historia ya shule iliyofuata inazihusu zote mbili.

4.0 Shule, kiranja na mwalimu

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na biashara ya upagazi wa masafa marefu ikafikia ukingoni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Waingereza ilianzisha taasisi mbili kubwa katika mkondo wa njia hiyo ya zamani. Huko Mpwapwa, kituo ambacho misafara ilikuwa ikipumzika, chuo cha ualimu kilianza mwaka 1926. Huko Tabora, katika miaka hiyohiyo ya 1920, ilijengwa shule ya serikali ambayo hapo mwanzo ilikusudiwa hasa watoto wa watemi na machifu, ili wawe watumishi wa utawala usio wa moja kwa moja. Shule hiyo ilifuata mfano wa shule za bweni za Uingereza, pamoja na viranja wake. Inafaa tukumbuke kwamba kiranja ni neno la jandoni: ni mtoto anayetangulia wenzake kutahiriwa. Kama alivyo kirangozi, naye anaongoza jambo ambalo amelipitia.

Lugha iligawanywa kwa ngazi. Madarasa ya chini yalitumia Kiswahili, na kadiri mwanafunzi alivyopanda ndivyo Kiingereza kilivyochukua nafasi. Matokeo yake ni kwamba lugha ya kuulizia maswali ya utotoni na lugha ya kujibia mitihani ya ujanani zilitengana. Kwa wachache waliochaguliwa, waliokaa bwenini na kufundishwa na wenye lugha hiyo, mpango huu ulileta matunda. Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, na aliporejea akafundisha shule ya Mtakatifu Maria ya wamisionari hapohapo Tabora hadi mwaka 1949, alipokwenda kusoma Edinburgh. Nje ya saa za shule aliwafundisha watu wa mjini Kiingereza bila malipo.

Mji huohuo ulishuhudia pia mafunzo ya namna nyingine. Mwezi Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulikaa Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kuususia. Walibishana, wakasikilizana, wakabadili msimamo; uamuzi wao ukaitwa Uamuzi wa Busara. Wengi wa wajumbe wale hawakuwa wamepita sekondari, na mjadala uliendeshwa kwa Kiswahili. Hivyo, ndani ya mji mmoja, hoja ngumu za siasa zilichambuliwa na watu wazima kwa Kiswahili, ilhali vijana waliohesabiwa kuwa wasomi walichambua masomo yao kwa lugha nyingine. Mgawanyo huo haukumalizika na uhuru.

5.0 Walioongoza vikundi walifunzwa vipi?

Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Nyerere alitaka shule ijenge akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine pasipo kuwaiga tu, na kujiamini. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Maelezo mengi ya historia ya elimu yetu huishia kwenye waraka huo. Sisi tungependa kutazama swali la kiutendaji: ni nani aliyewaandaa watu wa kuendesha elimu ya kudadisi, na kwa namna gani?

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika nje ya darasa la watoto. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, vikundi vya watu wazima kote nchini vilikutana, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu pamoja, vikajadili, kisha vikaamua hatua ya kuchukua kijijini, kama vile kuchimba vyoo au kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Matangazo hayo yalifika Nzega na Urambo kama yalivyofika Kilwa.

Mafunzo ya viongozi hao yalikuwa mafupi, ya siku chache, na yalishuka kwa ngazi kutoka taifa, mkoa na wilaya hadi kijiji. Kwa kawaida mafunzo ya namna hiyo hupungua nguvu kila yanaposhuka. Hapa yalisaidiwa na mambo mawili. Kiongozi hakutakiwa kuwa bingwa wa tiba. Alitakiwa kusoma, kuuliza na kusikiliza, na katika mafunzo yake alifanya hayohayo pamoja na wenzake. Aidha, redio, kijitabu, mafunzo na mjadala vyote vilikuwa katika lugha moja. Hakuna hatua iliyomlazimu mtu kutafsiri wazo lake kabla ya kulisema. Kampeni ya kisomo iliyoendelea wakati huohuo ilipunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka kadiri ya asilimia 67 mwaka 1970 hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Shule za msingi nazo zilikuwa na majaribio yake. Katika mpango ulioitwa MTUU, uliotekelezwa na Tanzania pamoja na UNESCO na UNICEF, wakufunzi walitoka vyuoni wakawafuata walimu shuleni mwao badala ya kungoja walimu wawafuate wao. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu ya walimu wapya waliandaliwa wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi wa karibu. Walilaumiwa sana kwa uchache wa elimu yao, na lawama hiyo ina ukweli: wengi walikuwa wahitimu wa darasa la saba waliopewa madarasa makubwa na vitabu vichache. Wingi ulipatikana, udadisi ulisubirishwa. Uchumi ulipodorora mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafunzo ya walimu kazini yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyodhoofika.

6.0 Ukimya wa darasani

Tuje sasa kwenye sekondari, ambako tatizo limejificha ndani ya ukimya. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Clive Criper na William Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo mapendekezo ya uchunguzi huo yaliimarisha Kiingereza. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walilieleza suala hili kwa kina mwaka 1997. Kisha, kuanzia mwaka 2002, mradi wa LOITASA, uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa mada zilezile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katika madarasa ya Kiswahili wanafunzi waliuliza, walitoa mifano na kubishana. Katika madarasa ya Kiingereza wengi waliitikia kwa pamoja au walinyamaza.

Mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2005 yaliingia katika hali hiyo. Mwalimu aliagizwa aendeshe mjadala wa wanafunzi katika lugha ambayo wanafunzi hawakuweza kuijadilia, na mara nyingi ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameizoea kwa mjadala. Yatokeayo tunayafahamu. Wanafunzi hupangwa sita sita, hupewa karatasi kubwa, mmoja mwenye Kiingereza kizuri huandika, wengine hutazama. Au kikundi hujadiliana kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, na mwalimu anapokaribia hunyamaza. Kwa macho ya mkaguzi, mbinu shirikishi imetumika. Kwa masikio, hakuna mazungumzo yanayohusu somo ambayo mwalimu anaweza kuyasikia na kuyasahihisha.

Wapo wanaosema kwamba tatizo ni wingi wa wanafunzi, uhaba wa vitabu na mitihani inayopima kumbukumbu. Hoja hii ni nzito, na kitabu kilichohaririwa na Frances Vavrus na Lesley Bartlett mwaka 2013, kilichotokana na warsha za walimu zilizofanyika kaskazini mwa nchi, kinaonyesha jinsi mambo hayo yanavyombana hata mwalimu mwenye nia njema. Hatuikatai. Tunachosema ni kwamba vikundi vya mwaka 1973 navyo vilikuwa na vijitabu vichache na watu wengi, na vilizungumza. Umaskini wa vifaa hupunguza kina cha mjadala. Hautoshi kueleza kwa nini mjadala haupo kabisa.

Tatizo la pili liko katika semina zenyewe. Mwalimu ameitwa mjini kwa siku tatu, ameketi katika mistari, amesomewa faida za kutoketi katika mistari, amenakili ufafanuzi wa mbinu shirikishi, kisha amerudi shuleni. Ameshirikishwa, wala hajashirikiana na mtu. Tungewezaje kutarajia kwamba mtu huyu awape wanafunzi wake mazungumzo ambayo yeye hajawahi kupewa?

7.0 Mafunzo yanapofanyika shuleni

Ndiyo maana yaliyotokea katika shule za msingi za mkoa wa Tabora kuanzia mwaka 2014 yanastahili kuangaliwa na wanaisimu, si na wataalamu wa elimu peke yao. Katika mwaka huo ulianza mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza na kutekelezwa kupitia serikali hadi mwaka 2020. Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza, pamoja na jirani zake Kigoma na Shinyanga. Kila shule ilikuwa na mwalimu mratibu wa mafunzo kazini. Baada ya mafunzo ya awali yaliyotolewa na wakufunzi wa vyuo, walimu walikutana shuleni mwao wakasoma moduli pamoja, wakajadili somo lililopita na kupanga linalofuata. Mkazo ulikuwa katika kufundisha kusoma Kiswahili madarasa ya chini, jambo lililooana na mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa mwaka 2015. Lugha ya moduli, lugha ya kikao cha walimu na lugha ya darasa ilikuwa moja.

Tathmini zilizofanywa zilionyesha kwamba watoto wa darasa la tatu waliokuwa katika ngazi ya chini kabisa ya kusoma Kiswahili walipungua, ingawa katika hisabati mafanikio hayakuwa dhahiri. Vilevile vikao vya shuleni havikufanyika kwa uthabiti ule ule kila mahali. Ni mafanikio ya kiasi, na tuyaseme kwa kiasi. Lakini wazo la kikao cha walimu shuleni limesalia: mpango wa taifa wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kama MEWAKA, umejengwa juu ya jumuiya za walimu za kujifunza, katika shule na katika vikundi vya shule jirani.

Hapa inajitokeza hoja inayotupinga, nayo ni ya haki. Katika vijiji vya Uyui, Igunga au Nzega, watoto wengi huja shule wakizungumza Kinyamwezi au Kisukuma. Kwao Kiswahili ni lugha ya pili, na mwalimu anayemlazimisha mtoto wa darasa la kwanza kukaa kimya kwa kuwa hajakijua Kiswahili anafanya lilelile tunalolilalamikia sekondari. Tunakubali. Hoja yetu haihusu heshima ya lugha fulani. Inahusu uwezo wa kuuliza. Wapagazi wa zamani hawakungoja mwenzao ajue Kiswahili ndipo wamwonyeshe kisima. Walitumia Kinyamwezi alichokuwa nacho hadi Kiswahili kikaota. Mwalimu wa Igunga anayeruhusu swali la Kisukuma, kisha akalipa jibu lake maneno ya Kiswahili, yumo katika njia hiyo, na mafunzo kazini yanapaswa kumwambia waziwazi kwamba anafanya jambo jema.

8.0 Hitimisho

Tumefuata njia moja kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu. Tumeona kambi ya wapagazi, ambamo aliyetangulia alimwelekeza aliyefuata. Tumeona vikundi vya redio vya mwaka 1973. Tumeona vikao vya walimu vya shule za Tabora. Katika kila mojawapo mwongozaji alikuwa amepita alipokuwa akiwapitisha wenzake, na swali liliulizwa katika lugha aliyokuwa nayo muulizaji. Tumeona pia semina ya siku tatu na darasa la sekondari lenye makundi yasiyosema.

Mambo matatu yanafuata. La kwanza ni la vyuo vya ualimu: mwanachuo asihitimu kabla ya kujifunza angalau sehemu ya somo lake kwa mjadala wa kweli, ambao matokeo yake mkufunzi hakuyaamua kabla. La pili ni la sekondari. Shule hizo zinaendelea kutumia Kiingereza katika masomo mengi, na uamuzi wa sera uko mikononi mwa wengine. Lakini hakuna sababu ya kitaaluma ya kukataza Kiswahili ndani ya kikundi cha wanafunzi wanaotafuta maana ya jambo. Wajadili kwa lugha inayowawezesha, kisha mwalimu awasaidie kulisema walilolipata kwa lugha ya mtihani. La tatu ni letu sisi wa taaluma za Kiswahili. Walimu wa fizikia, biolojia na hisabati watakaokutana katika jumuiya zao watahitaji istilahi za kujadilia kazi yao, na istilahi hizo haziwezi kutungwa ofisini kisha zikapelekwa kwao kama mzigo. Tukutane nao, tusikilize wanavyoyaita mambo wanapofundishana, na tuandike.

Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hiyo kwa kawaida huambiwa mtoto. Kwa historia tuliyoipitia, inafaa kuanza kuambiwa wale wanaopanga mafunzo ya walimu, kwani wao ndio wanaoamua kama mwalimu atapata wasaa wa kuuliza, mwenzake wa kumuuliza, na lugha ya kuulizia.